Jina Si Mtu: Barua Zenu kuhusu Vikwazo na Fedha Haramu

Barua za safari hii nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mfumo umeonya, sasa nani aamue? Nimekaa kwenye dawati la kuchuja majina, yaani kuyalinganisha ya wateja na orodha za waliowekewa vikwazo, miaka kumi na tisa, kwanza benki, baadaye kwenye kampuni ya biashara ya nje, kwa hiyo nawajibu kama mtu aliyeishika kazi hii kwa mikono yake. Majina ya walioandika nimeyaficha, na barua ndefu nimezifupisha.

Foleni haiishi

*Shikamoo Mama. Mimi ni afisa uzingatiaji benki (nahakikisha benki inafuata sheria), nina mwaka mmoja kazini. Kila siku nafunga tahadhari kama 120, na karibu zote ni hewa: mteja kafanana jina tu na mtu aliye kwenye orodha ya vikwazo. Mkuu wangu anataka tupandishe kizingiti cha mfanano kutoka 80 hadi 90 ili foleni ipungue. Mimi mwenyewe natamani kupumua, ila roho inasita. Kuna ubaya? (Mchovu wa Foleni)*

Marahaba, mwanangu. Roho yako inajua inachokisitia. Chukua karatasi uandike CRIMEA, na chini yake KRIMEA. Herufi ni sita, iliyobadilika ni moja. Mifumo mingi ya kuchuja hupima mfanano kwa kuhesabu herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zifutwe ili neno moja liwe jingine, hesabu aliyoiandika mtaalamu wa Kirusi Vladimir Levenshtein mwaka 1965. Hapa tano kati ya sita zimebaki, yaani kama asilimia 83. Kwa kizingiti cha 80 unapata tahadhari. Kwa 90 neno linapita kimya, na wewe hutajua kamwe kwamba limepita.

Mfano huo sikuutunga. Julai 2020 Amazon ilikubali kulipa dola 134,523 kwa OFAC, ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayosimamia vikwazo, na moja ya kasoro zilizotajwa ni kwamba mfumo wake haukuishtukia anwani iliyoandikwa "Yalta, Krimea". Miezi minane kabla ya hapo Apple ilikuwa imelipa dola 466,912. Kampuni moja ya programu ya Slovenia iliandikwa kwenye orodha "SIS d.o.o.", na ndani ya mfumo wa Apple ikaandikwa "SIS DOO". Nukta tatu na herufi kubwa zilitosha kuificha. Halafu mwenye kampuni, ambaye naye alikuwa ameorodheshwa, jina lake lilikuwamo kwenye kumbukumbu za akaunti hiyohiyo kama msimamizi, lakini mfumo ulichuja watengenezaji programu peke yao. Jina lilikuwa ndani ya nyumba, wao wanapekua mlangoni.

Sasa angalia upande wa pili. Andika YUSUF na YOUSEF. Herufi mbili zimetofautiana kati ya sita, unapata asilimia 67 hivi. Hata hicho kizingiti chako cha 80 hakimshiki huyu, na kila mtu anayesoma Kiswahili anajua kuwa hilo ni jina moja. Ndiyo maana nasema namba ya kizingiti peke yake haikulindi. Muulize mwenye mfumo wenu kama unatambua majina kwa matamshi, kama una majedwali ya jinsi majina ya Kiarabu, Kirusi na Kichina yanavyoandikwa kwa herufi za Kilatini, kama unajua Muhammad, Mohamed na Mehmet ni ukoo mmoja, na kama unavumilia majina matatu kugeuzwa mpangilio. Kama jibu ni hapana, mwambie mkuu wako kwamba mnajadili ukubwa wa tundu la wavu wakati wavu wenyewe umechanika.

Lakini simlaumu mkuu wako kwa kutaka foleni ipungue. Mtu aliyechoka hufunga tahadhari ya kweli akidhani ni hewa, nimeliona kwa macho. Fanyeni hivi: chukueni tahadhari zote zilizofungwa miezi sita iliyopita zenye alama kati ya 80 na 90, muone kama hata moja ilistahili kupandishwa kwa wakubwa ichunguzwe zaidi. Kisha tungeni majina ya majaribio kutoka kwenye orodha yenyewe, myaharibu kwa makusudi, muyapitishe kwenye mfumo na kuhesabu mangapi yanapotea kwa kila kizingiti. Mara nyingi mtagundua kwamba majina mafupi yanahitaji kizingiti chake na majina ya kampuni chake. Mtagundua pia kwamba foleni inapungua zaidi mkiongeza tarehe ya kuzaliwa, jinsia na uraia kwenye ulinganisho kuliko mkigusa kizingiti. Mteja aliyekwisha kuthibitishwa kuwa si yule wa kwenye orodha awekewe alama asirudi kila wiki, ila alama hiyo ifutike yenyewe orodha ikibadilika au taarifa zake zikibadilika. Matokeo yaandikwe, yasainiwe, yawekwe. Mkaguzi akiuliza kwa nini 85 na si 80, mumwonyeshe karatasi.

Nimalizie na kitu ambacho hukuniuliza: unaandika nini unapofunga? Nakuuliza kwa sababu ya jambo lililonipata mwaka wangu wa tatu. Nilikuwa na mazoea ya kuandika "Si yeye, tarehe tofauti" na kuendelea. Wakaguzi walipokuja wakatoa faili moja kati ya nilizofunga, wakaniuliza tarehe gani, tofauti na ipi. Nikafungua kumbukumbu za mteja nikakuta amezaliwa tarehe 1 Januari. Nikacheka kwa wasiwasi, maana nilikuwa nakumbuka fomu yetu ya zamani ilikuwa ikijaza 1 Januari yenyewe kama karani hakuandika kitu. Tarehe niliyoitegemea haikuwa ya mtu yeyote. Akaunti ya yule bwana ikazuiwa siku kumi na moja hadi pasipoti yake ipatikane na kuthibitishwa, na kweli hakuwa yeye. Siku hizo kumi na moja hakuweza kulipa karo ya watoto wake, kwa sababu mimi niliandika maneno manne badala ya mistari minne. Alikuja dirishani kila asubuhi. Sura yake bado ninayo.

Kwa hiyo andika hivi: "Mteja ni mwanamke, kazaliwa 14/3/1988, pasipoti imeonekana na nakala iko kwenye faili. Aliyeorodheshwa ni mwanamume, kazaliwa 1956. Wamefanana jina la kwanza na la ukoo, la kati ni tofauti. Nimefunga." Tofauti mbili zenye ushahidi, na chanzo cha kila moja. Pale orodha isipotaja tarehe ya kuzaliwa, kutokuwapo kwa tarehe si tofauti, tafuta kingine. Na kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa uangalie kama lakabu iliyokuletea tahadhari imewekwa alama ya ubora hafifu, maana lakabu kama hiyo haitoshi yenyewe kumtambulisha mtu.

Fedha zangu ziko wapi?

*Mama, hujambo. Nimemlipa muuzaji wa nje kwa dola, leo siku ya tisa hazijafika. Benki inasema "zipo kwenye uhakiki" na hawaongezi neno. Rafiki kanishauri nifute muamala nitume upya kupitia benki nyingine, na kwenye maelezo nisitaje nchi mzigo unakokwenda, kwani nadhani hilo ndilo tatizo. Nifuate ushauri? (Mfanyabiashara)*

Sijambo, kaka yangu. Usiufuate, nakuomba kwa dhati. Kuficha nchi kwenye maelezo ya malipo ndilo kosa lililoigharimu BNP Paribas karibu dola bilioni 8.9 mwaka 2014, ilipokiri mahakamani nchini Marekani kupitisha malipo yaliyohusu Sudan, Iran na Cuba huku ikiyafuta majina yaliyotakiwa kuonekana. Kabla yake, Lloyds ilikubali mwaka 2009 kulipa dola milioni 350 kwa mchezo huohuo. Wewe huenda huna hatia yoyote leo. Ukituma mara ya pili ukiwa umetoa neno lililokuwamo mara ya kwanza, mifumo itaziweka jumbe mbili hizo pamoja, na hapo utakuwa umejitengenezea ushahidi dhidi yako.

Dola zako hazisafiri moja kwa moja. Benki yako hutuma ujumbe, na hesabu ya dola hukamilishwa kupitia benki iliyoko Marekani, pengine na nyingine katikati. Kila moja inachuja jina lako, la muuzaji, la meli kama imetajwa, bandari, hata maneno ya ankara. Muombe mhudumu wako namba ya ufuatiliaji iitwayo UETR, yenye herufi na tarakimu 32 zilizogawanywa kwa vistari vinne. Kwa namba hiyo benki yako inaweza kuona ujumbe umesimama kwa nani. Wateja wengi hawajui kuwa ipo, na mhudumu asipoulizwa hasemi.

Kisha uliza swali moja kwa maneno haya: muamala umesimamishwa kwa uhakiki, umekataliwa, au fedha zimezuiwa? Haya ni mambo matatu. Ukiwa kwenye uhakiki wanasubiri maelezo, na unaweza kuwasaidia. Ukikataliwa fedha hurudi. Zikizuiwa kwa sheria ya Marekani, zinawekwa kwenye akaunti ya pekee yenye riba, OFAC inaarifiwa ndani ya siku 10 za kazi, na hakuna meneja yeyote duniani mwenye mamlaka ya kukurudishia kwa huruma. Njia ni kuomba leseni kwa OFAC yenyewe. Siku tisa za kimya mara nyingi ni uhakiki, lakini usibahatishe, uliza.

Andaa ankara, mkataba, hati ya shehena, jina kamili la muuzaji na la wenye hisa zake, na barua fupi inayosema mzigo ni nini, unatoka wapi, unakwenda wapi na nani atautumia. Hapo penye "nani atautumia" ndipo watu wengi huandika mstari mmoja wa juujuu na muamala hulala wiki nyingine. Andika jina la mtumiaji wa mwisho na kazi yake.

Na kuhusu kimya cha benki, usikichukulie kuwa dharau. Ikiwa wametoa taarifa ya muamala shuku kwa kitengo cha udhibiti wa fedha haramu, sheria inawakataza kukutonya. Mhudumu anayekujibu kwa mkato huenda hajui lolote, na anayejua haruhusiwi.

Nusu ya nusu

*Mama, mimi ni mhasibu, kampuni yetu haina idara ya uzingatiaji hivyo kazi yote naifanya mimi. Mteja mpya jina lake halimo kwenye orodha yoyote. Lakini asilimia 50 ya hisa zake zinamilikiwa na kampuni nyingine, na nusu ya hisa za hiyo kampuni ni za mtu aliyewekewa vikwazo na Marekani. Nimezidisha nusu kwa nusu nikapata asilimia 25. Ni chini ya 50, kwa hiyo tuko salama, siyo? (Mhasibu wa Kila Kitu)*

Hamko salama, ndugu yangu, na nashukuru uliuliza kabla ya kutuma mzigo. Kosa hili la kuzidisha nimelikuta hata kwa watu wenye vyeti ukutani.

Kanuni ya OFAC ya asilimia 50, kwamba kampuni ambayo nusu yake au zaidi ni ya aliyeorodheshwa nayo imezuiwa, inahesabiwa ngazi kwa ngazi, kuanzia juu. Mtu aliyeorodheshwa ana asilimia 50 ya kampuni ya juu: basi kampuni hiyo yote inahesabiwa imezuiwa, hata kama jina lake halijaandikwa popote. Ukishuka ngazi inayofuata, husemi tena "mtu mwenye 25", unasema "kampuni iliyozuiwa yenye 50". Na 50 inatosha. Mteja wako amezuiwa. Sasa geuza mfano: kama yule mtu angekuwa na asilimia 25 tu ya kampuni mbili tofauti, na kila moja ikawa na nusu ya mteja wako, mteja asingezuiwa, kwa sababu hakuna kampuni ya juu iliyofika nusu. Chora visanduku na mishale kwenye karatasi, anza juu, ukifika nusu paka kisanduku wino, kisha ushuke. Mimi mpaka leo nachora kwa kalamu.

Tangu Agosti 13, 2014 OFAC pia inajumlisha hisa za watu wote walioorodheshwa. Mmoja ana 30, mwingine 25, hawajuani hata kwa salamu, jumla 55: kampuni imezuiwa. Uingereza inakwenda kwa njia yake. Huko ni zaidi ya asilimia 50, na hisa za watu wawili hazijumlishwi hivihivi bila makubaliano ya pamoja kati yao, lakini wanaangalia pia udhibiti: nani anateua wakurugenzi, nani akisema jambo linafanyika. Kwa hiyo kampuni hiyohiyo inaweza kuwa imezuiwa upande mmoja na upande wa pili haijazuiwa. Mkiuza kwa dola mkasafirisha na kampuni ya Uingereza, mnabeba kanuni zote mbili.

Usiridhike na jedwali la hisa la leo. Omba daftari la wanahisa lenye tarehe. Baada ya Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na vikwazo vikamiminika, sisi tuliokaa kwenye madawati haya tuliona hisa zikihama kwa mke, kwa mtoto, kwa mwanasheria, na anayebaki anabaki na 49. Kila nikiona 49 naweka kalamu chini nikauliza: ile moja na ushei ilikwenda kwa nani, lini, na kwa malipo gani? Kama hakuna malipo yaliyoonekana, au mpokeaji ni kijana wa chuo asiyeweza kueleza kampuni inafanya nini, siendelei na mteja huyo hata kama hesabu inaniruhusu. Kampuni za mfukoni, zisizo na ofisi wala wafanyakazi, huwa zinapendwa sana kwenye ngazi hii ya katikati.

Na mwambie bosi wako jambo moja zito: kwa OFAC, adhabu ya madai, yaani faini isiyo ya jinai, haingoji uthibitisho kwamba mlijua. Uingereza nayo ilifuata njia hiyo kuanzia Juni 15, 2022. "Hatukujua" inaweza kupunguza faini, haiondoi kosa.

Wajina wa mtu mbaya

*Nimepewa jina moja na mtu aliye kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa. Kila nikitumiwa fedha zinasimama. Niombe kuondolewa kwenye orodha?*

Pole sana, mdogo wangu. Huwezi kuondolewa mahali ambapo hupo. Mlango wa Umoja wa Mataifa wa kuomba kuondolewa ulifunguliwa mwaka 2006 kwa azimio 1730, na walioorodheshwa kwa kuhusishwa na Al-Qaida au ISIL wana msuluhishi wao wa kupokea maombi hayo tangu 2009. Kuomba kuondolewa ni kwa walioorodheshwa.

Wewe nenda benki yako na pasipoti, omba kwa maandishi wakulinganishe na mtu huyo kwa namba ya kumbukumbu aliyopewa kwenye orodha, waandike tofauti zilizopo, na wakuwekee alama. Kila anayekutumia fedha aandike majina yako yote matatu, tarehe ya kuzaliwa na anwani ndani ya ujumbe wa malipo. Jina fupi ndilo linalokusimamisha njiani, kwa sababu afisa wa benki ya katikati hana faili lako, ana ule mstari mmoja tu.

"Mwachie, ni mteja mkubwa"

*Mama, nimepandisha tahadhari ya mteja mmoja, fedha zinaingia asubuhi na kutoka jioni kwenda kampuni zisizo na shughuli. Mkurugenzi kaniita, kasema kwa mdomo nimwachie, kisha kauliza kama naweza kumpigia mteja "tumsikilize". Naogopa kupoteza kazi. (Sitaji Jina)*

Mwanangu, naelewa hofu hiyo, nimeibeba. Usimpigie mteja. Kumwambia au kumdokeza kwamba anachunguzwa ni kosa lako wewe binafsi, hata kama aliyekutuma ni mkurugenzi. FATF, chombo kilichoundwa Paris mwaka 1989 kuweka viwango vya dunia dhidi ya utakatishaji fedha, kimeweka katazo hilo kwenye pendekezo la 21, na pendekezo hilohilo linataka sheria zimlinde mfanyakazi aliyetoa taarifa kwa nia njema, hata kama hakujua kwa hakika ni uhalifu gani.

Ulichokieleza, kuingia asubuhi na kutoka jioni kwenda kwenye kampuni zisizo na kazi, ndicho kilichokuwa kikipita katika tawi la Danske Bank huko Estonia. Kati ya 2007 na 2015 zilipita pale kama euro bilioni 200 za wateja wa nje, na sehemu kubwa ilionekana baadaye kuwa ya kutiliwa shaka. Mfanyakazi wa ndani alikwisha kuwaonya wakubwa wake mwishoni mwa 2013. Onyo lake lilibaki kwa sababu aliliandika.

Nawe andika. Mtumie mkurugenzi barua pepe fupi yenye adabu: "Kufuatia mazungumzo yetu ya leo, umeelekeza nifunge tahadhari namba fulani. Kwa maoni yangu bado ina dalili hizi tatu, kwa hiyo siwezi kuifunga. Kama uamuzi ni kuifunga, naomba uufanye wewe kwenye mfumo kwa jina lako na uandike sababu." Nakala kwa afisa anayepokea taarifa za miamala shuku katika benki yenu. Usiongeze lawama, usiongeze hasira, wala usimpe mtu yeyote nywila yako, hata kwa dakika moja. Kama huyo afisa ni mkurugenzi mwenyewe, nakala iende kwa mkuu wa ukaguzi wa ndani au mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi. Orodhesha miamala kwa tarehe, kiasi na anayelipwa. Iandike leo, kabla tahadhari hiyo haijafungwa na mtu mwingine kwa niaba yako.